Mbegu Niliyoisaga

Mfaranyaki, Songea
Jumamosi, saa tisa alasiri

Mwanangu Skola,

Uko kanisani, wenzako wa kwaya wanakuaga. Mama yako ametoka kwenda kukutafutia kufuli la sanduku. Nyumba ni yangu kwa saa mbili hivi, nimesogeza mabakuli pembeni ya meza, nimekaa na kalamu.

Mambo ya safari mama yako amekwisha kuyasema. Amekuambia ukae upande gani wa basi, fedha uzifiche wapi, na blanketi usimwazime mtu. Mimi nataka kukueleza habari za bibi yangu Otilia, mama yake marehemu babu yako, na za mwaka ule niliokaa kijijini kwake ulipokuwa darasa la nne. Wewe uliambiwa baba amekwenda kumuuguza bibi. Ni kweli, lakini ilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine sijamwambia mtu yeyote hapa nyumbani isipokuwa mama yako, na hata yeye nilimwambia kwa vipande vipande.

Unajua nilikuwa bwana shamba. Nilitoka chuoni nikiwa na miaka ishirini na minne, nikapangiwa kijiji chetu wenyewe, mwendo wa saa nne kwa baiskeli kutoka hapa mjini kwa njia ya Tunduru. Nilipewa pikipiki na buti. Siku zile mbolea ililetwa kwa malori mpaka ghalani, kwa bei ambayo kila kaya iliimudu, pamoja na mbegu za kisasa zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu wapande mahindi peke yake, kwa mistari, kwa kupima na kamba. Haikuwa kazi mbaya. Mpaka leo nasema mistari ni kitu kizuri.

Bibi alilima kama alivyolima mama yake. Mahindi, maharage na maboga vyote pamoja, ulezi pembeni. Mbegu yake ya mahindi ilikuwa ya zamani, punje ndogo ngumu, nyeupe zenye madoa mekundu. Kila mavuno alichagua mahindi bora, akayafunga kwa maganda yake, akayaning'iniza jikoni juu ya moto, yakawa meusi kwa moshi. Fukusi hawakuyagusa.

Nikalichagua shamba lake liwe shamba la mfano, nikampa mbegu ya kisasa aipande humo. Lilikuwa kando ya barabara, na nilijua hatanikatalia. Nikawaita watu, wakaja wengi. Nikaingia na jembe mbele yao, nikang'oa maharage na maboga yake yaliyokwisha kutambaa katikati ya mahindi, huku nikieleza kwa sauti kubwa kwamba kilimo cha kuchanganya ni kilimo cha uvivu. Bibi alisimama kando, khanga mabegani, ananitazama.

Nilipofika mwisho aliniuliza, "Umemaliza, mume wangu?"

Watu wakacheka. Wewe hukuzoea utani huo, lakini bibi zetu hutuita waume zao, na sisi huwaita wake zetu, na hakuna anayekasirika.

"Nimemaliza, Bibi."

"Haya. Njoo unywe uji."

Nilikunywa uji. Baadaye, yeye alipokwenda kisimani, niliinua macho nikaona yale mahindi ya mbegu yanavyoning'inia moshini. Nikajiambia, huyu msimu ujao atarudia yaleyale. Nikayakata yote, nikayapukuchua, nikayapeleka mashine kwa pikipiki, nikarudi na unga. Nilimkabidhi unga wake wote, na moyoni nikaona nimetenda haki kabisa, maana sikumwibia hata kibaba.

Aliutazama ule unga. Akauliza, "Yote?"

"Yote, Bibi. Msimu ujao utapanda tena mbegu ya kisasa."

Akachota kidogo kwa vidole, akaonja. Akasema, "Umesagwa laini." Mimi nikawasha pikipiki nikaenda zangu.

Hiyo ilikuwa mwaka mmoja kabla hujazaliwa.

Sasa nikueleze ukweli wote, kwa sababu ningeweza kuisimulia habari hii ionekane kwamba mimi nilikuwa mjinga na Bibi alikuwa na hekima tupu. Mavuno yaliyofuata yalikuwa makubwa. Kijiji kilijaza maghala mpaka watu wakaweka magunia vyumbani wanamolala. Bibi aliezeka chumba kimoja kwa bati. Watu walinisalimia wakiwa mbali, na mimi nilitembea kama mtu aliyeleta mvua mwenyewe. Hali hiyo ilidumu miaka kadhaa, na wewe ulizaliwa katika hiyo shibe.

Kisha mambo yakabadilika nchi nzima. Biashara ikawa huria. Hapa mjini maduka yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni, sukari na redio, na nguo za mitumba zikamwagwa sokoni kama majani. Wengi tulifurahi, hata mimi nilifurahi. Lakini mbolea ikapanda bei, ikapanda tena. Malori yakawa yanakuja mvua zikiwa zimekwisha, halafu hayakuja. Na ofisini hapa mjini, nilikokuwa nimehamishiwa, wakabandika orodha ya wanaopunguzwa kazi. Nilisoma jina langu mara tatu. Niliwahi kuona ng'ombe akipigwa shoka, anasimama kidogo kabla ya kuanguka. Nilisimama hivyo.

Sikumwambia mama yako. Kwa wiki tano niliamka, nikavaa buti, nikaaga, nikaenda kukaa kilabuni Msamala nyuma ya nyumba ya mtu, nikinywa pombe tangu asubuhi. Saa kumi nilinawa uso nikarudi, nikalalamika jinsi kazi ilivyo nyingi. Siku moja mama yako alinipikia samaki, akaona anifuate na chakula ofisini. Wakamwambia huyo hayupo siku nyingi. Alirudi na lile bakuli. Jioni alinipakulia kilekile chakula, kimepoa, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Ndipo akasema, "Ditram, kesho usivae buti."

Ndani ya mwezi huohuo baba yako mdogo Oswini alileta habari kutoka kijijini kwamba Bibi ameteleza kisimani na nyonga imevunjika. Alilala hospitali wiki nyingi, akarudishwa nyumbani akiwa hawezi kutembea. Mke wa Oswini angemwogesha, lakini mengine asingeyaweza, maana alikuwa na watoto wadogo na shamba. Oswini alinitazama akasema, "Wewe ndiye mwenye nafasi." Neno hilo liliniuma kuliko orodha ya ofisini. Nilikwenda nimenuna.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Nilimsalimu, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja bila pikipiki?"

"Waliichukua, Bibi."

"Afadhali. Ilikuwa inawatisha kuku wangu."

Nilikaa naye miezi minane. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji, kukata kuni, kumbeba kwenda chooni na kumrudisha, kupika. Sikujua kupika. Ugali wa kwanza aliumega, akautazama, akasema, "Huu bado unalia." Akanieleza tangu mwanzo, taratibu, maji yachemke vipi, unga uingie lini. Kama unakumbuka, niliporudi nilianza kupika Jumapili na ulinishangaa. Nilijifunzia kule.

Kilichonishinda siku za mwanzo kilikuwa kukaa. Bibi alipenda kuchambua maharage kwenye ungo, punje moja moja, na alitaka mtu akae naye. Mimi nilikaa kidogo nikainuka, nikaenda barabarani kutazama, nikarudi. Siku ya tano au ya sita alisema, "Kaa chini. Huna ofisi ya kukimbilia." Alisema kama mtu anayekuambia kuna jua nje. Nikakaa. Nilijisikia kulia na sikulia. Tulichambua maharage mpaka jua likafika miguuni kwetu, na hakuniuliza lolote kuhusu kazi wala pombe. Kesho yake nilianza mwenyewe kumweleza. Nilieleza wiki zile tano, bakuli la samaki, kila kitu. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza aliuliza samaki alikuwa wa aina gani. Nikamwambia mbasa. Akasema, "Mbasa akipoa si mtamu," tukacheka wote wawili mpaka Oswini akachungulia.

Skola, sijui kama nitaweza kukueleza nilichopata pale. Kabla ya hapo, mtu akinisimulia shida yake mimi nilikuwa natafuta jibu kabla hajamaliza sentensi. Ndivyo tulivyofundishwa, mtaalamu ni mwenye jibu. Bibi hakuwa na jibu la kunipa, wala hakujifanya analo. Alikaa tu. Nikaona kwamba mtu anaweza kukaa na shida ya mwenzake bila kuigusagusa, na ikapungua.

Mvua zilipokaribia nilizunguka kijijini nikaona mambo yalivyokuwa. Msimu uliopita watu walikuwa wamepanda mbegu walizojichagulia kutoka kwenye yale mahindi ya kisasa, bila mbolea, na mahindi yaliishia kiunoni, ya njano, yenye vibunzi kama vidole. Kumbe nilikuwa nimewafundisha kulima kwa kitu ambacho siku kikiondolewa hawana pa kurudi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Bibi kwamba hali ni mbaya.

Akasema, "Itafute ile mbegu yangu."

"Ipi?"

"Uliyoisaga."

Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja kwa miaka kumi na miwili. Nikamuuliza nitaipata wapi. Akasema aliwahi kuwagawia watu, mmoja mmoja, kila mwaka, kwa hiyo haikosi kuwa mahali. Akanitajia nyumba nne pale kijijini. "Ukikosa hapa, nenda Nakapanya kwa Mwanahawa. Yeye hatupi kitu."

Nilikwenda nyumba ile ya kwanza kwa hatua za mtu anayepelekwa mahakamani. Hawakuwa nayo. Ya pili na ya tatu hawakuwa nayo. Kote waliniambia maneno yanayofanana: "Ya bibi yako ililiwa na panya mwaka ule, na zetu ulituambia tuache." Niliposikia habari ya panya sikuelewa, nikaendelea na safari yangu. Nyumba ya nne ilikuwa ya Mzee Longinus, mtu mkavu, mwembamba. Nilimsalimu kwa heshima, nikaeleza shida yangu. Alikuwa anachonga mpini wa jembe na hakuacha kuchonga.

"Bwana shamba," akasema, "uliniambia mbegu yangu ni takataka. Mbele ya wanangu. Takataka hutupwa. Niliitupa."

Nikasema, "Nilikosea, mzee."

"Ndiyo, ulikosea." Akaendelea kuchonga. Hakunikaribisha kukaa, na mimi sikuondoka haraka kwa sababu niliona nikiondoka haraka nitakuwa nimekuja kuchukua mbegu tu. Nilisimama pale mpaka mpini ulipokwisha. Ndipo akasema, "Msalimie bibi yako."

Nilipanda lori la chumvi kwenda Tunduru, nikalala njiani kwa sababu ya matope, kisha nikapata gari jingine mpaka Nakapanya. Bi Mwanahawa nilimkuta kwenye mikorosho yake anaokota matawi makavu. Zamani mumewe alikuwa akifanya biashara ya samaki wakavu kijijini kwetu, wakaishi pale misimu sita, na mashamba yao na ya Bibi yalipakana. Walipohama alipewa mbegu na Bibi kama mtu anavyopewa mtoto wa kuku.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni mjukuu wa Otilia, wa Songea."

"Marahaba, mwanangu! Otilia mzima?"

"Amevunjika nyonga, lakini anaendelea vizuri."

"Alhamdulillahi. Karibu ndani, karibu ule."

Alinipa ugali na kisamvu. Nilipomweleza nilichofuata alisimama, akaingia jikoni, akarudi na fungu la mahindi meusi kwa moshi. Akamenya ganda moja. Punje ndogo, nyeupe, madoa mekundu. Niliyatambua kama unavyotambua uso wa mtu.

"Maskini Otilia," akasema. "Alinitumia salamu miaka hiyo kwamba panya walimmaliza mbegu yote. Nilisikitika sana. Nikasema panya gani hao, Otilia alivyo mwangalifu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Bibi hakumwambia mtu. Kijiji kizima hakikujua. Aliwadanganya watu wote, mpaka rafiki yake wa mbali, kusudi mimi nisionekane nilichokuwa.

Skola, mbegu ilikuwa mbele yangu mezani. Yule mama alikuwa amekwisha kuanza kuifunga kwenye kitambaa. Ningeweza kusema ndiyo, panya ni wabaya, nikashukuru, nikapanda gari. Nusu ya akili yangu ilikuwa imekwisha kusema hivyo. Sijui ni nini kilinizuia. Labda Mzee Longinus na mpini wake. Nikasema, "Bibi, hakuna panya. Niliipeleka mashine mimi. Nilikuwa bwana shamba, nikamsagia mbegu yake asipate ya kupanda."

Mikono yake ilisimama juu ya kitambaa. Nilidhani atakifungua.

"Yote?" akauliza. Swali lilelile.

"Yote."

"Subhanallah." Akanitazama. "Na yeye akakufichia."

"Ndiyo."

"Umemwomba radhi?"

Nikagundua kwamba sijamwomba. Miezi yote ile nilikuwa nambeba, namchotea maji, nampikia, na ndani nilijiona nalipa polepole. Lakini neno lenyewe sijalisema. Nikamwambia sijamwomba.

Akakaza fundo la kitambaa, akanisogezea. "Basi hili si la kwako kunieleza mimi. Mpelekee. Na umwambie Mwanahawa kasema yeye ni mwongo mkubwa."

Nilimkuta Bibi palepale mlangoni. Nikaweka kitambaa mapajani pake, nikapiga magoti kwenye mkeka, nikasema yote. Nilimwambia pia maneno ya Mwanahawa. Alicheka kwanza. Halafu akawa anapapasa yale mahindi kwa kidole gumba.

"Kwa nini ulisema panya, Bibi?"

"Ningesema mjukuu wangu amesaga mbegu yangu, nani angekusikiliza tena? Na yale mengine uliyofundisha yalikuwa mazuri. Ile mistari mizuri."

Nikaanza kumshukuru kwa upole wake. Akainua mkono kunizuia.

"Sikuwa mpole. Nilikuwa na hasira. Nilikasirika nikaona uvivu kukuambia. Nikasema mwache, siku moja ataona. Miaka kumi na miwili nakungoja uone! Ungekuwa umekufa na pikipiki yako je? Ningekuambia siku ileile, 'Ditram, umeniumiza.' Ungekataa, tungegombana, ungerudi. Sasa tumepoteza muda wote huo, wewe hujui na mimi najua."

Nilikuwa na miaka thelathini na saba, nimepiga magoti mbele ya mwanamke asiyeweza kusimama, na yeye ndiye aliyekuwa anakiri kosa. Niliwahi kusikia wazee wengi wakishauri. Huyo ndiye mzee wa kwanza niliyemsikia akisema hapa nilikosea na ningefanya hivi. Yaliyonisaidia maishani yametoka hapo zaidi ya popote.

Tulipanda ile mbegu mvua zilipotulia. Nilipima mistari kwa kamba, na katikati ya mistari nikapanda maharage na maboga. Bibi alikaa kwenye kigoda kando ya shamba akitoa amri, anapaza sauti mpaka barabarani. Mavuno hayakuwa makubwa. Nisikudanganye, yalikuwa chini ya nusu ya yale ya miaka ya mbolea. Lakini tulivuna, na wengine wengi hawakuvuna. Nilimpelekea Mzee Longinus mahindi sita ya mbegu. Alipokea, akanipa kigoda nikae.

Bibi aliishi miaka miwili zaidi. Alifariki nikiwa nimekwisha kurudi mjini na kufungua kibanda changu cha mbegu na majembe. Alikataa kurudi hospitali nyonga ilipoanza kuuma upya, akagombana na kila aliyemshawishi, na mpaka leo nadhani alikosea katika hilo. Nilimwambia hivyo usoni. Alisema nimeanza kuwa hodari wa kusema, na hakwenda.

Sasa nifike ninapokwenda.

Barua yako ya kuitwa chuo cha uuguzi ilifika siku tisa kabla ya siku niliyokukabidhi. Niliichukua posta mimi mwenyewe, nikaifungua, nikaisoma nikiwa nimesimama barabarani, nikaiweka kibandani ndani ya gunia la maharage. Siku zote tisa ulikuwa unakwenda posta na kurudi umeinamisha kichwa. Ulimfokea yule dada wa dirishani ukasema wanachezea maisha ya watu. Ulimnunia mwenzako Imelda kwa sababu barua yake ilifika na yako haikufika. Jioni moja ulikaa hapa kwenye meza hii ukaniuliza, "Baba, labda sikufaulu?" Nikakuambia ngoja, itakuja. Nilikuambia hivyo huku ninajua ilipo.

Nimetafuta sababu ya kukuandikia ambayo ingenifanya nionekane vizuri, na sijaipata. Mama yako yuko sokoni mchana kutwa, kaka zako wako mbali. Wewe ndiye unayekuja kukaa nami kibandani tukichambua mbegu, na ndiye pekee katika nyumba hii ninayeweza kukaa naye bila kusema neno. Nilisoma ile barua nikaona kiti chako kitupu. Nikasema nikae nayo siku moja tu. Siku ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Siku ya kumi ndipo nilipoogopa, kwa sababu niliona tarehe ya kuripoti inakaribia na nikajikuta nafikiri kwamba ikipita, basi. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Nikaenda kibandani nikalifungua gunia.

Nikakuletea, ukarukaruka, ukanikumbatia, na mimi nikapokea kumbatio hilo. Hilo linaniuma kuliko zile siku tisa.

Jana nilikwenda posta nikamwambia yule dada kwamba hakuwa na kosa, kosa ni langu. Alinitazama kama amechoka, akasema sawa mzee. Kwa Imelda utakwenda mwenyewe ukipenda, au nitakwenda mimi. Mama yako nitamwambia leo akirudi na hilo kufuli, kabla hujafika.

Nilifikiria kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, uikute ukifika, nami niwe mbali. Nimeacha wazo hilo. Nitakupa mkononi ukirudi kutoka kanisani, jua likiwa bado lipo. Usome chumbani kwako au nje kwenye ngazi, upendavyo. Nitakuwa jikoni, nasonga ugali. Kama unalo neno, njoo uniseme, hata kama mama yako anasikia, hata kama ni kwa sauti. Usinionee huruma kwa kuwa unaondoka, wala usiseme si kitu, baba, yamepita. Kama limekuumiza, sema limekuumiza. Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Muda wa kugombana upo wa kutosha, na wa kula pamoja baada yake.

Baba yako,
Ditram